Siri za Nyumba za Kifalme Mikononi mwa Vijana Wetu



Vijana wetu wanaosoma riwaya za Kiingereza wanaufahamu vizuri mtindo huu. Msichana wa kawaida anafiwa na bibi yake. Chini ya kitanda cha marehemu pana sanduku. Ndani ya sanduku mna barua na picha zilizofifia, na kumbe ukoo wake unatokana na wafalme! Mwaka 2000 Meg Cabot alichapisha The Princess Diaries, ambamo binti wa New York anaambiwa na baba yake kwamba yeye ni mrithi wa kiti cha Genovia, nchi ndogo ya kubuniwa. Waliofuata njia hiyo ni wengi.

Wako wazazi wanaotaka vitabu vya namna hii viondolewe nyumbani. Mimi sikubaliani nao. Kijana anayesoma kurasa mia tatu kwa hiari yake amekwisha kujipatia jambo jema, na swali la "mimi ni wa nani?" ni swali halali. Kasoro ninayoiona iko kwingine: katika riwaya hizi siri ya ukoo daima humpandisha cheo yule anayeifichua. Ni nadra msichana kufungua sanduku akakuta kwamba babu yake alikuwa mwizi wa ng'ombe.

Tuchukue mfano wa Anastasia, binti mdogo wa Kaizari Nicholas wa Pili wa Urusi, ambaye ameandikiwa riwaya nyingi za vijana. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, katika mji wa Yekaterinburg, aliuawa pamoja na wazazi wake, dada zake watatu na mdogo wake Alexei. Mwaka 1920 mwanamke mmoja aliopolewa kutoka katika mfereji wa maji mjini Berlin, na baadaye akadai kuwa yeye ndiye Anastasia. Alijulikana kwa jina la Anna Anderson, akafa mwaka 1984 akiwa bado na dai lake. Mwaka 1994 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba hakuwa wa ukoo ule. Vilimhusisha na familia ya Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani kutoka Poland. Mabaki ya watoto wawili waliokosekana katika kaburi lililofukuliwa mwaka 1991 yalipatikana mwaka 2007, na vipimo vikathibitisha kwamba hakuna aliyenusurika.

Hata hivyo nyumba ile ilikuwa na siri ya kweli, nayo ni nzito kuliko ya sanduku lolote. Alexei, mrithi pekee wa kiume, aliugua hemofilia, maradhi ya damu kutoganda, yaliyomfikia kupitia mama yake kutoka katika ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza. Wananchi hawakuambiwa. Walichokiona ni Rasputin akiingia na kutoka katika jumba la kifalme, na kwa kuwa hawakujua kwamba mama mwenye uchungu alimwita kwa ajili ya mtoto mgonjwa, walijitungia sababu zao wenyewe, za aibu tupu. Ukimya uliokusudiwa kuilinda familia ukaivunjia heshima. Hapo ndipo ningependa kijana akae na kutafakari, maana jambo hilo latokea hata katika nyumba zisizo na taji.

Mwinjili Matayo hakuogopa siri za namna hii. Anapoorodhesha ukoo wa kifalme wa Daudi anamtaja Tamari, anamtaja Rahabu, na mke wa Uria hamfichi.

Nasi pwani yetu inayo habari ya kutosha riwaya. Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Mtoto alizaliwa huko mwezi Desemba. Mwaka 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa; mtoto yule akafariki mwaka huohuo katika safari ya kwenda Ulaya. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwachia watoto wadogo watatu. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, zinaeleza mengi kuhusu majumba ya baba yake, vyakula, mavazi na magomvi ya ndugu. Kuhusu mimba iliyomkimbiza, zimenyamaza.

Ningefurahi kuona mwandishi wa Kiswahili akiuandikia vijana ukimya ule: kwa nini mama aliyethubutu kuandika habari za ndugu zake waliogombea kiti hakuthubutu kumwandika mwanawe, na watoto wale watatu, waliokulia Ujerumani, waliambiwa nini juu ya kaka yao.