Mazungumzo ya Nyumbani: Sauti Zisizo na Majina



Mwezi huu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni namna ya kuweka na kusikiliza sauti ndani ya kompyuta ya nyumbani. Sisi si mafundi wa vyombo hivi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na haya tutakayoyasema tumefundishwa na vijana ambao sisi tuliwafundisha alifu na be. Lakini ilitufika khasara, na mwenye kufikwa na khasara ana wajibu wa kumwonya mwenziwe.

Khabari yenyewe ni hii. Huko mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay, alikuwapo mzee mmoja, mwenzetu wa chuoni, aliyejaaliwa sauti. Tangu Lituhi hata Liuli watu walimwita katika maulidi na harusi awasomee kasida. Usiku mmoja wa maulidi tulimrikodi katika kaseti, pande zote mbili, tukaitia kaseti ile sandukuni kwetu hapa Mbinga. Hatukuandika juu yake hata neno moja, kwa sababu tulijua wenyewe ni ya nani.

Mzee alipofariki, mwanawe alipanda mlima akaja kutuomba kaseti ile. Akaitia upande wa kwanza katika kompyuta yake, umeme ukakatika, akasema upande wa pili atautia siku nyingine. Akaturudishia kaseti. Sauti ile ikakaa ndani ya kompyuta kwa jina la AUD0007, kisha ikahamishiwa katika memori kadi ya simu. Siku moja mdogo wake alitaka nafasi ya kuweka picha za mpira, akaiona AUD0007, hakujua ni kitu gani, akaifuta.

Tulipopigiwa simu kwa kilio tuliwatuliza. Tukasema, msiwe na wasiwasi, asili yake tunayo. Tukaifungua sanduku, tukaitia kaseti katika redio, na tukajisikia wenyewe tukifundisha hukumu za nuni sakina. Miezi michache nyuma tulikuwa tumetafuta kaseti tupu ya kurikodia darasa, tukaona ile haina maandishi, tukarikodi juu yake. Upande wa pili ulikuwa mzima, dakika 11 tu. Hizo ndizo zilizobaki za sauti ya mzee yule duniani.

Basi hatuna la kumlaumu mtoto. Mtoto alifuta sauti isiyo na jina, na sisi wenye mvi tulifuta sauti isiyo na jina. Kosa ni moja.

Yafaa kwanza ijulikane ya kuwa kuhifadhi sauti si jambo geni kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja hata Bombay, wakaimba katika santuri, na kila upande wa santuri zile ulichukua kiasi cha dakika tatu. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alikamilisha kurikodi Qur'ani nzima kwa murattal, akawa wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, na hiyo ndiyo iliyoingia katika kila nyumba yetu. Ama leo sauti imekuwa faili, tena aghlabu ni ile iitwayo MP3, iliyotokana na kazi ya mafundi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na wenzao, na jina hilo lilichaguliwa mwezi wa Julai 1995.

Huenda msomaji akauliza, faili hii ni nini? Jawabu ni kwamba kompyuta haihifadhi sauti kama tuijuavyo, bali huhifadhi hesabu. Katika diski za CD mawimbi ya sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila nukta moja ya saa, na vipimo hivyo vikiandikwa vyote, dakika moja hula kiasi cha megabaiti 10. Hiyo ndiyo faili ya WAV. MP3 huacha yale ambayo sikio la mtu haliyapati, kama sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa, na kwa kiwango cha kilobiti 128 dakika moja hula kiasi cha megabaiti moja tu. Kwa usomaji wa mtu mmoja asiye na vyombo, kilobiti 64 hutosha, na saa 30 za usomaji wa namna hiyo hazifiki gigabaiti moja. Lakini kilichoachwa hakirudi tena. Kwa hivyo sauti ya mzazi wako iweke kwanza katika WAV, kisha toa MP3 ya kusikiliza kila siku.

Kuitoa sauti katika kaseti si kazi ngumu. Huchukuliwa waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio kaseti, ukaingizwa katika tundu la kuingizia sauti la kompyuta, na programu iitwayo Audacity, isiyolipiwa, ikarikodi. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 wala haiharakishwi. Na wale wenzetu walio ziwani wasikawie, kwa maana unyevu na joto ni adui wa utepe.

Sasa tuingie katika mpango wenyewe.

La kwanza ni majina. Faili zitokazo katika WhatsApp huja na majina kama AUD-20240312-WA0007, na mtu akikusanya mia mbili za namna hii amekusanya magunia ya kahawa yasiyo na alama ya mwenyewe. Siku hiyo hiyo iliyoingia, ipe jina. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha kitu chenyewe na mahali: 2016-08-20 Kasida Harusi Liuli. Ukianza hivyo kompyuta itazipanga kwa miaka bila ya kuambiwa. Tena usitenge tarehe kwa mkwaju, kwa sababu kompyuta nyingi huukataa mkwaju ndani ya jina.

La pili ni hesabu. Vijana wetu walitia sura zote 114 za Qur'ani wakaziandika 1, 2, 3 mpaka mwisho. Katika programu iliyosikilizwa, baada ya 1 ikaja 10, kisha 100, kisha 101, kwa sababu programu nyingine hupanga tarakimu kama herufi. Al-Fatiha ikafuatwa na Yunus. Dawa yake ni kuandika 001, 002, 003, na kila kitu kikakaa mahali pake.

La tatu ni vyumba. Nyumba yenye adabu haina mtu alalaye jikoni. Fanya folda ya Qur'ani, folda ya Kasida, folda ya Mawaidha, folda ya Sauti za Wazee, na folda ya Nyimbo. Hatukukusudia leo kuingia katika khilafu ya wanazuoni juu ya ala za muziki, wala hatuandiki ili kumwaibisha kijana. Tusemalo ni kwamba zisichanganywe, kwa maana tumekaa katika nyumba ambamo sura ilikwisha na bila ya kupumua ikafuata ngoma ya dansi, na mgeni na mwenyeji wote wakainamisha vichwa.

La nne ni ile orodha ya kuchezea. Programu ya VLC, iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris, nayo pia hailipiwi, tena hufungua karibu kila namna ya faili. Ndani yake mtu aweza kufanya orodha ya sauti azipendazo akaihifadhi. Lakini orodha hiyo ni majina tu, sauti zenyewe hazimo. Bibi harusi mmoja alichukua orodha katika flashi kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, na wageni walipokaa kitako ikaonekana kwamba amebeba karatasi ya majina, na waimbaji amewaacha nyumbani. Ukitaka kuhamisha, hamisha folda nzima. Tena katika VLC kipo kitufe cha kuchanganya, ambacho hucheza hiki na kile bila ya taratibu. Kwa kasida hakina neno. Kwa Qur'ani kizime, ili sura zifuatane kama zilivyo msahafuni.

La tano, na ndilo kubwa kuliko yote, ni nakala. Kaseti ilipokuwa ikinakiliwa kwa kaseti, kila nakala ilizidi kukwaruza. Faili sivyo: nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza. Neema hii tumepewa bure nasi hatuitumii. Shika kanuni ya nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi au diski ya nje, na moja katika nyumba nyingine. Tangu mwaka 2012 Nyasa imekuwa wilaya mbali na Mbinga, lakini udugu haukugawanywa. Basi aliye ziwani amwekee nduguye wa Mbinga, na wa Mbinga amwekee wa ziwani, ili nyumba moja ikiungua au ikiibiwa, sauti isipotee. Na unaponakili usichomoe flashi kwa haraka, iambie kwanza kompyuta iiachilie.

Na kama kimefutwa kitu kwa bahati mbaya, acha mara moja kuitumia kadi ile. Faili iliyofutwa haiondoki papo hapo. Kompyuta huiondoa katika daftari lake tu, na mahali pake hupangishwa wengine baadaye. Programu kama PhotoRec huweza kuirudisha, maadamu mahali pale hapajaandikwa kitu kingine. Yule mdogo wa marehemu hakulijua hili, nasi hatukulijua. Kadi iliendelea kupokea picha za mpira kwa siku tisa.

La mwisho ni adabu ya kusikiliza. Aya ya 204 ya Sura ya A'raf yatufundisha kunyamaza na kusikiliza inaposomwa Qur'ani. Basi haifai kuifungulia kompyuta isome sebuleni huku nyumba nzima ikigombana juu ya chumvi. Sikilizeni kidogo kwa moyo, kisha mfunge. Na sauti isipite ukuta wa nyumba yako usiku, khasa sisi wa Mbinga ambao jirani zetu wengi ni Wakristo, na haki ya jirani haina dini.

Enyi vijana, simu zenu zanasa sauti kuliko kaseti zetu zote. Ijumaa hii mwendeeni babu au bibi mmoja, mwombeni asome au asimulie, kisha muandike jina lake na tarehe kabla hamjatoka uani. Nanyi wazee wenzetu, msiwafukuze kwa kusema kwamba hivi ni vyombo vya upuuzi.

Zile dakika 11 sasa zimo katika nyumba nne. Jina la mzee limeandikwa juu yake, na mwaka, na mahali. Mjukuu wake ambaye hakuwahi kumwona huzifungua mwenyewe, na akifika pale sauti inapokatika hutuuliza iliyobaki iko wapi. Mpaka leo hatujapata la kumjibu ila kwamba tulisahau kuandika.

Wabillahi tawfiq.