Mwanafunzi Akibisha Hodi

Ndugu zangu wa Kibera na Kawangware,

Leo asubuhi ulichotea maji nini? Bila shaka mtungi. Ule wa manjano wa lita 20, uliokuja mjini na mafuta ya kupikia, mafuta yakaisha, ukaanza kazi ya maji. Huenda kifuniko kilipotea zamani na sasa umeuziba kwa kipande cha karatasi ya nailoni kilichokunjwa mara nne.

Umewahi kujiuliza kwa nini tunauita mtungi? Mtungi wa bibi zetu ulikuwa wa udongo. Ulikuwa na tumbo pana na shingo nyembamba, ukikaa pembeni mwa nyumba ukipoza maji. Udongo ukaondoka, plastiki ikaingia, jina likabaki pale pale. Hakuna aliyeitisha mkutano kuamua hivyo. Ni sisi wenyewe, kwenye foleni ya maji, tuliomvika mgeni jina la mwenyeji.

Angalia na gorogoro ya mama mboga. Methali yetu inataja kibaba, lakini sokoni Kawangware ni nani anayepima maharagwe kwa kibaba? Anapima kwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha kazi yake ya kwanza. Ukiutazama kwa karibu utaona ukingo umepondwapondwa, na pengine kitako kimesukumwa ndani kidogo. Mkebe huo una habari za bei, za njaa, za biashara na za werevu wa watu. Ukitupwa, habari hizo zinakwenda nao.

Kuna vijana wanaosomea mambo haya. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho ni mwendo wa matatu moja kutoka kwetu, hufundisha historia na akiolojia. Wengine husomea historia ya sanaa, na wengine husomea vitu: jinsi watu wanavyovitengeneza, wanavyovitumia, wanavyovirithi na wanavyoviacha. Baadhi yao ni watoto wetu, waliozaliwa Laini Saba au Gatina. Siku moja mmoja wao atasimama mlangoni pako na daftari na simu, aseme: "Shikamoo mama, naomba kukuuliza kuhusu hicho kikapu."

Utamjibu nini?

Najua wengi wenu mmechoka na maswali. Kibera imehojiwa kuliko mitaa mingi ya mji huu. Una watoto wangapi? Kodi unalipa ngapi? Choo kiko wapi? Umejibu, karatasi zikaondoka, maisha yakaendelea. Lakini swali la mwanafunzi huyu ni la namna nyingine. Wale wengine waliuliza tunachokosa. Huyu anauliza tulicho nacho: kimetoka wapi, nani alikitengeneza, na kwa nini hukukitupa. Ndiyo maana nawaomba tumpe kiti.

Tuanze na Makina, kwa Wanubi wa Kibera. Jina la Kibera lenyewe ni la Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, walianza kukaa hapo na jamaa zao mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka wa 1918 ardhi hiyo ya ekari zaidi ya 4,000 ilitengwa rasmi kwa ajili yao. Hatimiliki ya jamii ya Wanubi ilipatikana mwaka wa 2017, nayo ni ya ekari 288. Katika miaka yote hiyo ya kungoja karatasi, watu walithibitisha makao yao kwa vitu gani? Kwa makaburi ya wazee wao, kwa picha za harusi zilizopigwa studio, kwa mavazi ya gurbaba sandukuni, na kwa tabaga.

Tabaga ni kile kifuniko cha chakula kilichofumwa kwa rangi kali. Mfumaji huanza na duara dogo katikati, halafu anazungusha na kushona, anazungusha na kushona, hadi mduara ufikie upana wa sinia. Ukigeuza upande wa chini unaona fundo alipobadilisha uzi. Upande huo wa chini ndio mwanafunzi atakaotaka kuuona. Fundo humwonyesha mkono wa mfumaji: alikuwa na haraka au na subira, uzi mwekundu ulimwishia au alikuwa nao wa kutosha. Mama zangu wa Makina, je, mabinti zenu wanajua ni nani aliyefuma ile iliyo juu ya kabati, na kwa harusi ya nani?

Kawangware nako kuna habari yake. Huku Dagoretti ardhi ni ya watu binafsi, na mwenye ploti mara nyingi ni mjukuu wa yule yule aliyelima hapo kabla ya vyumba vya mabati. Kwa hiyo nyuma ya ploti ya wapangaji ishirini unaweza kukuta nyumba ya bibi mwenye kiondo cha mkonge kilichosukwa kabla ya barabara ya lami, na kibuyu kilichoning'inia karibu na jiko. Wapangaji nao wamekuja na vyao kutoka Kakamega, Kisii, Machakos na kwingineko. Ploti moja, ua mmoja, na chini ya vitanda kuna vitu vya nusu ya nchi. Mwanafunzi gani angetaka makumbusho makubwa kuliko hayo?

Huenda mtu akasema: hivi si vitu vya kale, vya kale viko kwenye jumba la makumbusho kule Museum Hill. Ni kweli kwamba sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka wa 2006 inaita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Lakini hesabu nami. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Kwa kipimo hicho, karibu kila kitu cha mji huu ni kichanga mno. Tukingoja vizeeke, vitakuwa vimekwisha kuchomwa, kuuzwa kwa kilo au kusombwa na mvua.

Wenzetu wa Arizona, Marekani, hawakungoja. Mwaka wa 1973 profesa William Rathje aliwachukua wanafunzi wake wa akiolojia wakaanza kuchambua takataka za nyumba za mji wa Tucson. Walivaa glavu, wakapanga makopo na chupa. Wakagundua, pamoja na mengine, kwamba pombe ambayo watu walisema wanakunywa na chupa zilizokuwa kwenye mapipa yao havikulingana. Huo ulikuwa utafiti wa chuo kikuu, na ulitokana na vitu vilivyotupwa jana.

Wala msidhani kwamba jicho la kazi hii hutolewa na shahada. Mnamkumbuka mzee Kamoya Kimeu? Alisoma shule ya msingi tu. Mwaka wa 1984, kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona chini kipande kidogo cha fuvu, kadiri ya kiberiti, chenye rangi ile ile ya kokoto zilizokizunguka. Wengine wangekikanyaga. Kutokana na kipande hicho ukapatikana mfupa baada ya mfupa wa yule kijana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mzee alifariki mwaka wa 2022. Mtoto wako anayeokota vifuniko vya chupa na kuvipanga kwa rangi, mwache kidogo kabla hujamkemea. Muulize kwa nini amevipanga hivyo.

Sasa, tufanye nini nyumbani?

Chukua picha za zamani. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Ukitumia kalamu ya wino, wino unaweza kupenya. Ziweke kwenye bahasha, mbali na pale paa linapovuja. Kazi hiyo haichukui hata muda wa kuivisha githeri. Ukiwa na mzee nyumbani, keti naye muandike pamoja, kwa sababu wewe utamtambua baba yako tu, na yule aliyesimama kando yake mwenye kofia utamwita "mtu fulani".

Tukihama, na sisi ni watu wa kuhamahama, tusiache sanduku la bati lenye kumbukumbu hizi mwisho wa orodha. Julai 2018, nyumba zilipobomolewa Kibera kupisha barabara, watu walibeba magodoro, sufuria na mabati, kama inavyopasa. Nawaomba siku nyingine, Mungu apishe mbali, bahasha ya picha iingie mfukoni kwanza.

Na kazini? Fundi wa jua kali unayepinda bati la pipa liwe jiko, mwanafunzi akiomba kukaa nawe siku nzima, mruhusu. Jiko la kauri unalouza, lile lenye kiuno chembamba, lilibuniwa miaka ya 1980 baada ya wabunifu kutazama majiko ya Thailand na kuyageuza yafae ugali wetu. Wewe nawe umeligeuza tena kwa mkono wako, pengine bila kujua. Je, mguu wa jiko lako ni sawa na wa fundi jirani? Kama sivyo, hapo pana mada nzima ya utafiti.

Wachoraji wa mabango nanyi msijidharau. Kundi la Maasai Mbili la Kibera lilianzishwa na waandishi wa mabango ya vinyozi na vioski, na leo kazi zao zimeonyeshwa ng'ambo. Wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, tunayemwita Solo Saba, alipita Kibera na rangi yake akiandika maneno ya amani kwenye kuta, mabati na barabara. Ni kuta ngapi kati ya hizo zimebaki? Mabati hung'olewa, rangi hupauka. Mwaka wa 2009 msanii Mfaransa JR alifunika paa za Kibera kwa picha kubwa za macho ya wanawake wa mtaa huu, na picha hizo zilitazamwa dunia nzima. Yeye alikuwa na kamera na wasaidizi. Maandishi ya Solo Saba yalikuwa mbele ya milango yetu. Kama unayo hata picha moja ya maandishi hayo kwenye simu yako ya zamani iliyokufa chaji, tafadhali itafutie chaja.

Vijana wangu wa chuo, nanyi nina neno. Mkija, njooni na kadi ya chuo na barua ya idara, na kama utafiti wenu unahitaji leseni ya NACOSTI, iwe nayo mkononi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mama akisema kitu hiki hakipigwi picha, basi. Msiondoke na kitu cha mtu, hata kwa ahadi nzuri. Na kazi ikikamilika, irudisheni. Nakala moja maktaba ya chuo, nyingine kwa mama aliyewapa kiti. Mwandikieni kurasa mbili kwa Kiswahili ambazo mjukuu wake atamsomea.

Namalizia na jambo la nyumbani kwangu.

Mama yangu alikaa Gatina miaka mingi. Jioni alishona vitambaa vya kochi, vile vyeupe vyenye maua pembeni, pamoja na kina mama wenzake. Alipofariki tuligawa vitambaa vyake kwa jamaa kama desturi, na kimoja nikakifunikia televisheni bila kukitazama mara ya pili. Mwaka jana binti wa jirani, anayesomea historia ya sanaa, alikuja kunisalimu. Akakitazama kitambaa kile, akaomba kukigeuza. Akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Maua matatu yalikuwa ya mishono midogo iliyobanana, mkono wa mama kabisa. Ua la nne lilikuwa la mishono mirefu, iliyoinama kidogo kushoto, na chini yake herufi mbili za uzi wa buluu: R.N.

"Hizi ni herufi za nani?" akaniuliza.

Jina la mama halikuanza na R. Sikuwa na jibu, na wa kunijibu hayupo tena. Binti akaandika kwenye daftari lake: mikono miwili, wa pili haujulikani.

Kama kuna mama miongoni mwenu aliyekuwa akishona vitambaa Gatina miaka ya 1970, au bibi yako alikuwa miongoni mwao, na mishono yake huinama kushoto, naomba unitafute. Kitambaa nimekikunja, kiko kwenye bahasha, na ua lenu lingalipo.