Neno Lililotafutwa Lisionekane

Mwezi uliopita tulijiwa chuoni na kijana mmoja tuliyemsomesha zamani, uso umemkunjamana. Kwao pana mzozo juu ya shamba la minazi aliloliacha babu yake: shangazi yake ataka fungu lake, na ami zake wamnyima. Kijana huyu, kwa kuwa ndiye mwenye simu, aliombwa atazame Qur'ani yasemaje. Akaandika neno "mirath" kwa herufi za Kiarabu katika programu ya kutafutia, nayo ikajibu kuwa hakuna kilichopatikana. Basi akawaambia wazee barazani kwamba Qur'ani haikutaja mirathi! Shangazi yake aliondoka akilia.

Hatukumgombeza. Tulimwambia, "Mwanangu, hebu tafuta neno al-alamin." Neno hilo limo katika Al-Fatiha, na mwenye kusali sala zake tano za faradhi hulisoma mara 17 kila siku. Akaliandika, na programu ikajibu vile vile: hakuna. Hapo akanyamaza. Chombo ukikitilia shaka, kipe kwanza kazi ambayo jawabu lake walijua wewe mwenyewe.

Sababu yake ni hii. Msahafu umeandikwa kwa khati ya Uthmani, na katika khati hiyo maneno mengi hayaandikwi alif kamili mstarini, bali alif ndogo huwekwa juu. Sisi tuandikapo barua zetu twaiandika alif nzima. Jicho la mtu huona kuwa neno ni lile lile. Kompyuta haina jicho, hulinganisha herufi kwa herufi, na kila herufi ina nambari yake. Hata alif ya wasli ina nambari mbali na alif ya kawaida, na yaa ya Kifarsi si yaa ya Kiarabu, ijapokuwa katikati ya neno hazitafautiki kwa macho. Programu iliyotungwa vyema huzisawazisha herufi hizo kabla ya kutafuta. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, hutoa maandishi ya namna mbili, ya khati ya Uthmani na ya imlai nyepesi. Mtafutaji na amtumie huyu wa pili.

Tukaiondoa ile alif, tukatafuta tena, na mara zikaja aya mbili: Aal Imran 180 na Al-Hadid 10. Kijana alifurahi, lakini furaha haikudumu, maana aya zote mbili zasema kuwa mirathi ya mbingu na ardhi ni ya Mwenyezi Mungu. Fungu la shangazi halimo humo. Kosa hili la pili halikuwa la chombo. Lilikuwa la neno tulilolichagua.

Tukateremsha rafuni kitabu cha Muhammad Fuad Abd al-Baqi, kilichopigwa chapa Cairo mwaka 1945, ambacho hukusanya maneno ya Qur'ani kwa asili zake. (Kabla yake Gustav Flügel, Mjerumani, alitoa kitabu cha namna hiyo mwaka 1842, na Abd al-Baqi alifaidika nacho.) Chini ya asili waw, raa, thaa, tulizikuta aya za An-Nisaa 11, 12 na 176, ambazo zimetaja mirathi kwa vitendo, wala si kwa jina "mirath". Aya ya 7 haimo hapo, kwa kuwa yenyewe yatumia neno "nasib", yaani fungu. Na ndiyo aya iwapayo wanaume na wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe machache au mengi.

Atafutaye katika tafsiri za Kiswahili naye huingia mtego huo huo. Huyu huandika "sala", yule "swala". Na mwenye kutafuta "urithi" hataona "atamrithi" wala "mirathi". Afadhali aandike kipande tu cha neno, "rith", kisha ajaribu na "rath".

Kijana aliziandika nambari za aya hizo nne katika karatasi, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake kabla hajawaendea wazee. Tumemwagiza arudi Ijumaa na majina ya warithi wote, walio hai na waliofariki baada ya babu yake, tumpeleke kwa mjuzi wa faraidhi akahesabiwe mafungu.