Saratani Inayorejea na Mawimbi ya Sauti: Lipi Litangulie Kamina?

Katika Kamina, mji wa Kongo ambamo reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikashika njia ya Ilebo na nyingine ikaelekea Kabalo na Kalemie, mwanamume aliyeambiwa kuwa ana saratani ya tezi dume hukabiliwa na suala la safari kabla ya suala la tiba. Kwa hiyo ni insafu kuuliza kama tiba ya mawimbi ya sauti, inayosifiwa kwa wale ambao maradhi yamewarejea baada ya kupigwa mionzi, ina maslahi gani kwa watu wa mkoa wake wa Haut-Lomami.

Fadhila zake hazikanushiki. Chombo hupitishwa katika njia ya haja kubwa, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi au ganzi, na mawimbi hukusanywa mahali pamoja hata joto likapita nyuzi 60, seli za saratani zikafa kwa sekunde chache pasipo kisu wala mionzi mipya. Madaktari wa Lyon, Ufaransa, waliishughulikia kazi hii tangu miaka ya 1990, na Marekani iliviruhusu vyombo vyake mwaka 2015 kwa ajili ya kuunguza nyama ya tezi, bila kutamka kwamba vinaponya saratani.

Lakini tezi iliyokwisha kupigwa mionzi ina makovu na damu haba, na kuiunguza tena huweza kuleta kushindwa kuzuia mkojo, kupungukiwa nguvu za kiume, na mara chache tundu baina ya njia ya mkojo na ile ya haja kubwa. Tena haimfai ila yule ambaye ugonjwa haujatoka nje ya tezi, na hilo halijulikani kwa dhana, bali kwa kipimo cha damu cha PSA kinachorudiwa mwaka baada ya mwaka, kwa picha za MRI na za mifupa, na kwa kinyama kinachochunguzwa na mtaalamu.

Wako wasemao kwamba kumngojesha maskini ni kumdhulumu, na hoja yao ina uzito, kwani nchi iliyowasha tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika, Kinshasa, mwaka 1959, haistahili kuhesabiwa kuwa haiwezi mambo mapya. Hata hivyo, Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, pale Mulago, na ilipoharibika mwaka 2016 wagonjwa walikosa tiba hiyo nchini mwao hadi nyingine ilipoanza kazi mwaka 2018. Chombo kisicho na mafundi, vipuri na umeme wa kutegemewa ni ahadi isiyotimizwa.

Rai yangu, basi, ni kwamba kipimo cha PSA na uchunguzi wa vinyama vitangulie, kisha mionzi ipatikane Katanga, na wachache wanaofaa kwa mawimbi wasaidiwe kwa fedha za umma kuyafuata yaliko. Wakati huohuo isisahauliwe kwamba tangu 1941, Charles Huggins wa Chicago alipobainisha kuwa saratani hii hustawishwa na homoni za kiume, imejulikana kuwa kuondoa korodani, upasuaji usiohitaji mtambo wowote mkubwa, huizuia kwa muda hata iliyosambaa, ingawa haiiponyi.

Nawe uliyekwisha kupigwa mionzi, usiache kupima PSA: ikipanda nanogramu 2 kwa mililita juu ya kiwango chake cha chini kabisa, mwone daktari pasipo kukawia.