Kupanguza Miwani ya VR Hakutoshi

Wasee, kuna uongo wa enzi za korona bado unazunguka: eti kufanya utafiti wa VR kwa usalama ni rahisi, panguza tu miwani na sanitaiza, mwite anayefuata. Zii.

Hebu fikiria hiyo miwani inakaa wapi. Sponji inagandamana na paji la uso na mashavu, pua iko hapo chini, jasho linaingia humo. Na lenzi? Watengenezaji wenyewe wanakataza kuzipaka spiriti ju zinaharibika. Halafu mtafiti lazima akukaribie akufunge mikanda, akuchunge usianguke, wote mko ndani ya chumba kimoja. Korona inaenea kwa hewa. Ukipanguza plastiki na hewa ni ileile, umefanya nini?

Ndiyo maana maabara nyingi zilifungwa Machi 2020. Kongamano la IEEE VR lililopangiwa Atlanta, Marekani, mwezi huohuo likahamishiwa mtandaoni lote. Hapo sina shida.

Shida yangu ni kilichofuata. Watafiti wakasema: basi tutafute watu walio na miwani yao, wafanyie kwao. Wakaita hiyo usalama. Usalama wa nani? Kwa maabara, ukisikia kichefuchefu kuna mtu wa kusimamisha. Kwa bedsita, kitanda huku, meko ya gesi pale, macho yamefunikwa, ni wewe na Mungu wako. Hatari haikuisha, ilihamishiwa kwako.

Na si mwili tu. Miwani hizi zinafuatilia vile unavyosogeza kichwa na mikono, na kamera zake zinaangalia chumba chako. Quest 2 ilipotoka Oktoba 2020, ilibidi uingie na akaunti ya Facebook. Yaani usaidie sayansi, lakini kwanza ujitambulishe kwa kampuni.

Tena bei yake ilianzia dola 299. Huku Nairobi hiyo ni kodi ya keja miezi kadhaa kwa wengi wetu. Sasa ukichagua walio nayo tayari, umechagua wenye pesa na wapenzi wa gemu, kisha unaandika "binadamu hufanya hivi". Binadamu gani? Mama mboga hayumo. Nyanya yako hayumo. Na VR inachunguzwa kutuliza maumivu na kutibu woga, vitu vinavyowahusu hao pia.

Mtasema afadhali hivyo kuliko kusimamisha utafiti. Sikatai utafiti, nakataa ubahili. Mtumie mshiriki miwani, na kifuniko cha uso kilicho chake peke yake. Ikirudi, iache ipumzike siku kadhaa kabla ya kumpa mwingine. Muulize chumba chake kikoje. Afanye akiwa ameketi, mtafiti akiwa kwa simu. Mlipie data. Mwambie waziwazi nini kinarekodiwa na nani anakiona. Pesa haitoshi? Chukua washiriki wachache, au ngoja.

Sijamaliza chuo, lakini najua hii: janga lingine likija, watarudi na fomu zao. Kabla ya kuweka sahihi, uliza: nikianguka nani analipa? Data yangu inaenda wapi? Na mbona jirani yangu hakuitwa?

Wakishindwa kujibu, rudisha fomu yao.