TAARIFA YA TAWI LA MABAWA: MWENYE DENI ASINYIMWE AKAUNTI

*Kwa wanachama wote wa Tawi. Soma mpaka mwisho, kisha mtumie na jirani.*

Ndugu wanachama,



Katika siku hizi viongozi wa Tawi tumepokea wanachama wengi wenye shida moja. Yupo mama anayechukua samaki Deep Sea na kuuza mtaani, yupo mstaafu, yupo kijana wa bodaboda. Wote wana madeni, na hakuna kati yao mwenye akaunti ya benki anayoishika mwenyewe. Kadi ya mstaafu iko kwenye droo ya mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Mama wa samaki tangu ashindwe rejesho hajakanyaga tena benki, anaamini akionekana atakamatwa. Kijana analala na fedha ya mwenye pikipiki chini ya godoro.

Msimamo wa Tawi ni huu: *kudaiwa hakumwondolei mtu haki ya kuwa na mahali salama pa kupokelea na kutunzia fedha yake.* Tunataka akaunti ya msingi kwa kila mwananchi, hata aliyefilisika: akaunti ya kuweka, kupokea na kutoa tu, isiyo na mkopo ndani yake.

*“Alipe kwanza!”*

Tumeshasikia jibu hili, hata ndani ya Tawi. Wanasema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, hatupingi. Lakini atalipaje mtu ambaye kila shilingi inayoingia inachukuliwa kabla hajaigusa? Mama wa samaki bila mtaji wa kesho asubuhi hana biashara, na bila biashara hana rejesho. Anayemnyima mdaiwa pa kuwekea fedha anamzuia kulipa, kisha anamlaumu kwa kutolipa.

Sheria yetu yenyewe inalijua jambo hili. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaorodhesha vitu ambavyo mahakama haitakamata kwa ajili ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi, hata nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba mdaiwa lazima ale, alale na afanye kazi. Leo mshahara, pensheni na mauzo vinapita benki na kwenye simu. Sufuria imelindwa, lakini akiba ndogo ya kununulia unga wa kuweka kwenye sufuria haimo katika orodha hiyo!

*Kausha damu wanafaidika na hofu hii*

Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018. Mkopeshaji lazima awe na leseni. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Anayekupa 100,000 na kudai 130,000 baada ya mwezi anatoza asilimia 30, zaidi ya mara nane ya kikomo hicho. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila kibali.

Hatua hizo ni njema, ila hazitoshi. Mkopeshaji anayeshika kadi na namba ya siri hahitaji mahakama wala dalali. Anakwenda kwenye mashine tarehe ya mshahara na kujilipa kadiri apendavyo, na mwenye kadi anabaki kuomba nauli.

Tazameni pia mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024, na kikundi hakipati bila akaunti ya benki. Mwenye deni anayeogopa mlango wa benki anajitoa kwenye kikundi, anakosa mkopo usio na riba, anarudi kwa kausha damu. Nani amefaidika hapo?

*Wenzetu wamefanya*

Ufaransa tangu 1984, mtu aliyekataliwa akaunti anakwenda Benki Kuu ya nchi hiyo, nayo inamteulia benki itakayomfungulia. Uingereza, sheria inazitaka benki kubwa zitoe akaunti ya msingi bila ada, na kufilisika peke yake si sababu ya kumkataa mtu. Na sisi mabenki yalitaifishwa Februari 1967 kwa hoja kwamba fedha za nchi ziwatumikie wananchi. Hoja hiyo haikuwatoa wenye madeni.

*Tunadai:*

1. Benki Kuu itoe kanuni: hakuna benki kukataa akaunti ya msingi kwa sababu tu mwombaji ana deni au amefilisika.
2. Kiasi cha chini cha kujikimu ndani ya akaunti hiyo kiongezwe kwenye orodha ya vitu visivyokamatwa.
3. Kushika kadi ya benki ya mkopaji liwe kosa lenye adhabu iliyotajwa wazi, na polisi wapokee malalamiko hayo.
4. RITA, ambayo wengi wetu tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, ishuke kwenye kata. Jina lake ni Wakala wa Usajili, *Ufilisi* na Udhamini. Wananchi waelezwe huo ufilisi unaendaje.

*Wakati tukisubiri, kila mwanachama afanye haya:*

✅ Kama kadi yako iko kwa mkopeshaji, nenda benki na kitambulisho chako cha NIDA, ifunge, omba nyingine. Namba ya siri usimpe mtu.
✅ Kama unadaiwa na benki fulani, fedha ikiingia hapo inaweza kukatwa kwa mujibu wa mkataba. Unaweza kufungua akaunti benki usiyodaiwa. Huko si kuficha mali: amri ya mahakama itakufuata popote, na deni liko palepale.
✅ Ukiulizwa madeni yako, sema kweli.
✅ Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Lalamika kwanza kwa benki yenyewe, usiporidhika peleka Benki Kuu.
✅ Dai nakala ya mkataba na risiti ya kila rejesho.

Mwenye barua ya kukataliwa, au ambaye kadi yake imeshikwa, aje ofisi ya Tawi. Hatutataja jina la mtu hadharani. Tutakusanya malalamiko yote na kuyafikisha kwa Diwani na Mbunge wetu kwa maandishi, na majibu yao tutayaleta hapahapa.

Aibu ya deni isitufunge midomo. Anayepaswa kuona aibu ni anayekaa na kadi ya mstaafu kwenye droo.

*Imetolewa na:*
Uongozi wa Tawi, Mabawa, Tanga