Studio Yetu Ilikuwa Vugiri

Hapa Mkumbara, wenzangu hukesha wakibuni historia mbadala: ingekuwaje kama Disney isingeinunua Fox mwaka 2019? Mimi nawauliza: ingekuwaje kama Vugiri ingekuwa yetu?

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Korogwe hiihii, Waingereza walitengeneza filamu 35 kwa fedha za Carnegie ya Marekani. Zilizungushwa kwa lori zikifundisha kilimo na afya. Waigizaji walikuwa Waafrika. Uamuzi haukuwa wao. Ufadhili ulipokoma, mradi ukafa. Mwaka huohuo Disney ikazindua Snow White. Tanzania Bara ikasubiri televisheni hadi 1994.

Tusidanganyane kwamba tulichelewa kuanza. Tulianza mapema, kwenye mali ya wengine. Tukiota, basi, tuote umiliki.